Mito Mikubwa Ndiyo Iliyopoteza Plekoptera Kwanza

Mwaka 1981 spishi mpya ya mdudu wa mtoni ilipewa jina rasmi la kisayansi: Alloperla roberti. Vielelezo vilivyotumika kumweleza mdudu huyo vilikuwa vimekusanywa mwaka 1860 huko Rock Island, jimbo la Illinois nchini Marekani, kando ya mto Mississippi. Tangu 1860 hajapatikana tena, si hapo wala kwingineko. Katika orodha ya IUCN ya viumbe vilivyo hatarini, jina lake limewekwa upande wa waliotoweka. Kwa hiyo dunia ilimpa jina miaka 121 baada ya kumwona kwa mara ya mwisho, na pengine hatungejua kabisa kwamba aliwahi kuishi kama mtu mmoja asingemchukua na kumhifadhi.

Mdudu huyo ni wa oda ya Plekoptera, kundi kongwe lenye spishi zaidi ya 3,500 duniani, ambalo historia yake inarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 250. Sehemu kubwa ya maisha yao huwa chini ya maji, wakiwa tunutu: mwili bapa, mikia miwili myembamba, kucha mbili kwenye kila mguu, wakitambaa katika mianya iliyo kati ya jiwe na jiwe. Spishi nyingi humaliza hatua hiyo kwa mwaka mmoja, nyingine huhitaji miaka miwili au mitatu, na wale wakubwa wa jenasi Pteronarcys wa Amerika ya Kaskazini huweza kufikisha minne. Kisha tunutu hupanda juu ya jiwe au shina lililo ukingoni, hujivua ngozi, hutoka na mabawa, na kuishi siku kadhaa au wiki chache tu. Katika muda huo mfupi, kwa spishi nyingi, dume hugonga tumbo lake juu ya kijiti au jani ili kumwita jike, na kila moja ina mapigo yake. Wapo wanaotoka majini katikati ya majira ya baridi na kutembea juu ya theluji, wakati ambapo wadudu wengi wamejificha.

Kinachowabana ni hewa. Tunutu wengi wa plekoptera wana matamvua machache tu, vishungi vidogo kifuani au mapajani. Wengine hawana kabisa na hupumua kwa ngozi. Maji yakipungukiwa oksijeni, tunutu huanza kujiinua na kujishusha juu ya miguu yake ili maji mapya yapite mwilini. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 0 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 14.6 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hushika kama 9, na kwenye nyuzi 30 hushuka hadi takriban 7.5. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kabla mtu hajatia mkono wake. Majitaka yakiingia, bakteria wanaoyaozesha huitumia oksijeni hiyo iliyopo. Tope likiingia, huziba mianya kati ya mawe, na tunutu hukosa makazi hata kama maji yenyewe hayana sumu. Ndiyo maana wakaguzi wa mito katika nchi nyingi huwatumia plekoptera kama kipimo cha afya ya mto, pamoja na makundi mengine mawili ya wadudu wa majini, Efemeroptera na Trikoptera.

Kutokana na tabia hiyo, maelezo mengi humtaja plekoptera kuwa mdudu wa vijito baridi vya milimani. Huo ni ukweli nusu. Mito mipana ya nyanda za chini nayo ilikuwa na plekoptera wake, zikiwemo spishi zilizopendelea mito ya aina hiyo, na hao ndio walioondoka kwanza. Ramani tunayoiona leo, yenye alama nyingi milimani na weupe mabondeni, ni ramani ya mabaki. Anayeichukua kuwa ndiyo ya asili atakosea katika kila hatua inayofuata: atalinda chemchemi na kuuacha mto.

Ushahidi wa wazi kabisa wa jambo hili umetoka Illinois, na umetoka kwenye makabati. Mwaka 1935 Theodore Frison, mkuu wa taasisi ya utafiti wa viumbe ya jimbo hilo, Illinois Natural History Survey, alichapisha kazi kubwa kuhusu plekoptera wa Illinois. Yeye na wenzake walikuwa wamezunguka jimbo zima wakikusanya wadudu hawa, hata majira ya baridi, wakiandika mahali na tarehe. Takriban miaka 70 baadaye R. Edward DeWalt, Colin Favret na Donald Webb walivirudia vielelezo hivyo vya zamani, wakavichunguza upya, wakavilinganisha na vipya vilivyotoka katika mito ya jimbo hilohilo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005. Spishi zilizowahi kurekodiwa Illinois zilikuwa 77. Kati ya hizo, 2 ambazo hazikujulikana kuishi popote pengine duniani zimetoweka moja kwa moja: Alloperla roberti na Isoperla conspicua. Nyingine 20 hazipo tena jimboni ingawa zinaishi kwingine. Nyingine 19 zimebaki katika hali mahututi. Ukijumlisha, ni spishi 41 kati ya 77, yaani zaidi ya nusu, ambazo ama zimekwisha kuondoka ama zinaelekea kuondoka.

Walioumia zaidi walikuwa wa familia mbili zenye spishi nyingi, Perlidae na Perlodidae. Hawa ni wakubwa, wengi ni wawindaji, na katika Perlidae tunutu mara nyingi hukaa majini zaidi ya mwaka mmoja. Mdudu anayehitaji miaka miwili au mitatu chini ya jiwe lilelile hawezi kuvumilia mto unaoharibika mwezi mmoja tu kila kiangazi. Mto unaweza kuwa safi kwa miezi 11, ukapimwa katika miezi hiyo na kusifiwa, na bado ukawa kaburi lake.

Sababu za Illinois zinajulikana vizuri. Mwezi Januari 1900 jiji la Chicago lilifungua mfereji mkubwa uliogeuza mkondo wa mto Chicago. Majitaka ya jiji, yaliyokuwa yakiingia katika Ziwa Michigan ambalo lilikuwa chanzo cha maji ya kunywa, yakaelekezwa kusini hadi mto Illinois. Wakazi wa Chicago wakapata nafuu. Mto ukabeba gharama. Huko mashambani, wakulima walizika mabomba ya udongo chini ya ardhi ili kukausha nyika zenye majimaji, vijito vikanyooshwa kuwa mitaro, na udongo mweusi wa jimbo hilo, ambao ni miongoni mwa ardhi zenye rutuba kubwa duniani, ukaanza kuteremka mtoni kila mvua iliponyesha. Kisha katika miaka ya 1930 serikali kuu ilijenga mfululizo wa mabwawa na milango ya meli katika Mississippi ya juu. Hapo Rock Island penyewe, penye mkondo wa kasi uliopita juu ya miamba, bwawa lilikamilika mwaka 1934, na sehemu ya mawe na maji ya mbio ikawa dimbwi refu la kupitishia majahazi ya nafaka.

Sidai kwamba bwawa hilo ndilo lililommaliza Alloperla roberti. Hakuna aliyekuwa akimfuatilia. Ninachosema ni kwamba makazi ya aina yake yaliondolewa kwa mpango wa kihandisi, kwa fedha za umma, na katika hesabu za faida na hasara za mradi hapakuwa na safu ya kuandika jina lake, kwa kuwa jina lenyewe halikuwepo.

Ulaya ilitangulia katika njia hiyo. Kazi ya kuunyoosha mto Rhine wa juu ilianza mwaka 1817 chini ya mhandisi Johann Gottfried Tulla, na ilipomalizika mto ulikuwa umepunguzwa urefu kwa takriban kilomita 80. Visiwa, kokoto na michepuko ya pembeni vilipungua sana, na baadaye viwanda na miji vikaongeza uchafu wao. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kampuni ya Sandoz karibu na Basel liliwaka moto, maji ya kuuzimia yakasomba viuatilifu hadi mtoni, na samaki wakafa kwa umbali wa mamia ya kilomita. Ajali hiyo ilizishtua serikali, na usafishaji wa Rhine uliofuata ni wa kupongezwa. Oksijeni ilirudi, na aina nyingi za viumbe zikarudi nayo. Lakini mto uliosafishwa haukuwa ule wa zamani. Mwaka 1992 ulifunguliwa mfereji unaounganisha mto Main na Danube, na kupitia hapo wakaingia wageni kutoka eneo la Bahari Nyeusi, akiwemo Dikerogammarus villosus, krasteshia mdogo mkali anayekula wadudu wengine wa majini na kuchukua nafasi zao chini ya mawe. Kwa tunutu wa plekoptera, nyumba ilisafishwa ikapangishwa mtu mwingine.

Ni lazima kueleza kwa nini hawarudi upesi, kwa sababu watu wengi hudhani kila chenye mabawa kitajirudisha chenyewe. Plekoptera ni warukaji dhaifu. Spishi kadhaa zina madume wenye mabawa mafupi yasiyoweza kuruka. Hata wale wenye mabawa kamili, wengi hubaki mita chache kutoka ukingoni, wakipumzika kwenye majani na magome ya miti. Spishi ya mto mkubwa ikishafutwa katika bonde zima, jirani aliye karibu anaweza kuwa ng'ambo ya safu ya milima au katika mto unaoelekea bahari nyingine. Kati yao pana mashamba, barabara na mabwawa. Maji yanaweza kuwa safi kwa miaka 30 na mdudu asifike.

Mfano wa Uingereza unaonyesha uzi unaweza kuwa mwembamba kiasi gani. Isogenus nubecula, spishi ya mito ya chini, ilipungua huko hadi ikabaki inajulikana katika mto mmoja, Dee, upande wa Wales. Baada ya mwaka 1995 haikuonekana tena, na wengi wakaamini imekwisha. Mwaka 2017 mtafiti John Davy-Bowker aliipata tena katika mto huohuo. Ilikuwa habari njema, na alistahili pongezi. Lakini spishi inayotegemea mto mmoja inategemea pia kila kiwanda, kila shamba la ng'ombe na kila bomba la majitaka lililo juu yake. Ajali moja ya usiku mmoja inatosha.

Kuna hatari nyingine ambayo haina harufu wala rangi. Watafiti waliopima maji ya mito 20 ya Uingereza kati ya 2016 na 2018 walikuta kiuadudu cha fipronili katika zaidi ya sampuli 9 kati ya kila 10, na imidaklopridi katika takriban theluthi mbili. Dawa hizi hutumika sana kuua viroboto wa mbwa na paka. Mnyama akioshwa, dawa huingia mfereji wa majitaka na kutoka hapo mtoni. Ni kemikali zilizoundwa kuua wadudu kwa kiasi kidogo sana, na tunutu ni mdudu.

Msomaji makini anaweza kuuliza: mbona zipo tafiti zinazosema wadudu wa maji baridi wanaongezeka? Zipo kweli. Uchambuzi wa Roel van Klink na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science, ulikadiria kwamba wadudu wa maji baridi waliongezeka kwa takriban asilimia 11 kila muongo, huku wa nchi kavu wakipungua kwa takriban asilimia 9. Mwaka 2023 Peter Haase na wenzake, wakitumia mifululizo 1,816 ya vipimo kutoka nchi 22 za Ulaya, walionyesha kwamba mito ya Ulaya ilipata nafuu kati ya 1968 na 2020, ingawa nafuu hiyo ilipatikana zaidi kabla ya 2010 na baada ya hapo ikasimama. Sina sababu ya kuyakana matokeo hayo. Sheria za kusafisha majitaka zilifanya kazi, na anayesema hakuna kilichofanikiwa anawavunja moyo waliofanikisha. Ila vipimo vingi vilianza pale mito ilipokuwa imefikia hali mbaya kuliko wakati wowote, hivyo kupanda kutoka hapo si kurudi mahali pa mwanzo. Tena hesabu ya jumla haiulizi ni nani aliyehesabiwa. Spishi zinazovumilia, zenye maisha mafupi na mabawa mazuri, huujaza mto uliosafishwa kabla wengine hawajafika. Zile zilizofutwa kabla ya 1950 hazimo katika mfululizo wowote ulioanza 1970.

Tungeweza kujifariji kwamba walau milima imebaki. Hapo ndipo hali inapotia wasiwasi zaidi. Katika kijito cha Breitenbach, karibu na mji wa Schlitz nchini Ujerumani, watafiti walinasa kwa mitego wadudu wanaotoka majini mwaka baada ya mwaka tangu 1969. Bonde hilo lililindwa. Halina kiwanda wala jiji juu yake. Viktor Baranov na wenzake walipochambua takwimu za miaka 42 na kuchapisha matokeo mwaka 2020, walikuta jotoridi la maji limepanda kwa nyuzi 1.88, mtiririko wa maji umebadilika, na wingi wa wadudu umepungua kwa asilimia 81.6. Idadi ya spishi iliongezeka kidogo. Yaani orodha ilirefuka wakati kijito kikiishiwa na viumbe wake, na mkaguzi anayehesabu majina tu angeandika kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Juu zaidi, katika hifadhi ya taifa ya Glacier jimboni Montana, wapo plekoptera wawili ambao hawana mlima mwingine wa kupanda kuliko ule walio nao: Lednia tumana na Zapada glacier. Wanaishi katika vijito vifupi vinavyotoka moja kwa moja kwenye barafu, theluji na chemchemi baridi. Katikati ya karne ya 19 eneo hilo lilikadiriwa kuwa na barafu za kudumu karibu 150. Kufikia 2015 zilizobaki na ukubwa wa kuhesabika zilikuwa 26. Timu ya Joseph Giersch ilipotembelea tena vijito sita vya zamani vya Zapada glacier, ilimkuta katika kimoja tu, ingawa baadaye alipatikana pia katika maeneo mengine machache. Mwezi Novemba 2019 serikali ya Marekani iliwaingiza wote wawili katika orodha ya spishi zilizo hatarini, kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi.

Picha hiyo nayo haiko sawasawa kama inavyosimuliwa na wenye haraka. Mwaka 2020 Clint Muhlfeld na wenzake walieleza kwamba jamii ya viumbe hawa wa maji ya barafu bado ilikuwepo hata katika mabonde ambayo barafu yake ilikwisha kuyeyuka, ikishikilia chemchemi na mabaki ya theluji. Hilo linatupa muda. Halitupi hakika, kwa kuwa theluji na chemchemi hizo nazo hutegemea majira yaleyale yanayobadilika. Ni kweli vilevile kwamba plekoptera si kipimo cha kila madhara. Mvua ya asidi ilipoharibu maji ya kusini mwa Norway katika karne iliyopita, spishi kadhaa za plekoptera zilivumilia asidi kuliko Efemeroptera wengi. Mdudu mmoja hawezi kupewa kazi ya kueleza magonjwa yote ya mto.

Hukumu yangu ni kwamba ulinzi umekuja upande mmoja. Waliopata umaarufu ni wale wa kwenye barafu, ambao hatari yao inaonekana kwa picha nzuri za milima. Wale wa mito mikubwa walikwisha kuondoka bila picha, na mito yao sasa huitwa safi ikiwa samaki hawafi. Kuwarudisha kunahitaji kazi isiyo na mvuto: kubomoa mabwawa yasiyo na kazi, kuacha ukanda wa miti na nyasi kati ya shamba na maji, kurudisha kokoto, na pale inapobidi kuwahamisha wadudu kwa mkono kutoka bonde walilosalia.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika jambo hili. Katika Afrika ya tropiki karibu plekoptera wote ni wa jenasi moja, Neoperla, ya familia ya Perlidae, familia ileile iliyoumia Illinois. Mfumo wa TARISS wa kupima afya ya mito ya Tanzania, uliotengenezwa kwa kufuata mfano wa SASS wa Afrika Kusini, hutoa alama kwa familia, na Perlidae wakionekana ni dalili ya maji mazuri. Ni mfumo mzuri, wa haraka na wa gharama nafuu. Lakini kwa kiwango cha familia Illinois bado ina Perlidae hadi leo. Kilichopotea kilionekana tu kwa sababu Frison alihifadhi vielelezo ambavyo wengine waliweza kuvifungua na kuvitambua spishi kwa spishi. Kwa utaratibu wa kawaida wa ukaguzi wa namna hii, wadudu hutambuliwa ukingoni na kurudishwa majini. Ombi langu kwa bodi za maji za mabonde na vyuo vikuu vyetu ni dogo: katika kila ukaguzi, wadudu wachache wawekwe kwenye chupa ya spiriti, iandikwe mto, mahali na tarehe, na chupa hizo zipelekwe makumbusho zitunzwe.